Kisigino Kisitoke: Shajara ya Viatu vya Shamba la Mwani, Mikindani

Shajara hii ni ya kikundi chetu cha wakulima wa mwani kwenye ghuba ya Mikindani, kama kilomita 10 kutoka Mtwara mjini. Naiandika ili kikundi kingine, kiwe Msimbati, Lindi au Kilwa, kikitaka kuwavisha watu wake viatu kisipoteze hela kwa yale tuliyokwisha kuyajaribu. Bei zote ni za shilingi, na ni zile tulizolipa wenyewe.

6 Julai 2024: Hali ilivyo

Bamvua la mwezi mwandamo, yaani siku za maji kujaa sana na kutoka sana, limeanza. Maji yanatoka mpaka kuelekea saa nne asubuhi, nasi tunayafuata. Njia ya kwenda shambani si ndefu, ila ina ardhi za kila namna: mchanga mgumu ufukweni, ukanda wa tope kando ya mikoko, majani ya bahari yanayoteleza, halafu mawe makali ya matumbawe yaliyokufa kabla hujavifikia vigingi tunavyofungia kamba za mwani. Kiatu kinachofaa kwenye mawe kinabaki kwenye tope. Kinachopita kwenye tope kinatobolewa kwenye mawe.

Wengi wetu tunaingia na soksi, mbili au tatu zikipandana, na wengine peku kabisa. Soksi zinapunguza mikwaruzo, basi. Haziwazuii wale wadudu wa miiba mieusi mirefu wanaojibanza kwenye majani, wala mkia wa taa, samaki bapa aliyejifukia mchangani, wala yule samaki anayefanana na jiwe mwenye miiba ya sumu mgongoni.

Mwani unavunwa baada ya wiki sita hivi, na katika wiki hizo tunaingia shambani siku chache tu za kila bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Mtu akilala ndani na mguu uliovimba, kamba zake hazikazwi, uchafu hautolewi, na mwani unakatika unaondoka na maji. Kwa hiyo kiatu ni zana ya shamba sawa na kamba na kigingi, na kinastahili kununuliwa kwa fedha ya kikundi. Nimelisema hilo kikaoni na kikao kimekubali. Tumetengewa 60,000 za majaribio.

13 Julai: Sokoni

Maji mafu, hayatoki vya kutosha, hakuna shamba. Nimekwenda Mtwara na mwenzangu mmoja tukanunua aina nne, zote zenye namba 39 kwa kuwa ndiyo namba ya wengi wetu. Gambuti mpya, 18,000. Viatu vya plastiki vya matundu, 5,000. Raba ya turubai ya mtumba, yenye kamba zinazopanda hadi juu ya kifundo cha mguu, 7,000. Na viatu vya neoprini, ule mpira laini wenye vipovu ndani unaoshonewa nguo za wazamiaji, 12,000. Hivi vya mwisho vilitoka kwenye belo la mtumba, na muuzaji alikuwa anavinadi kama viatu vya baridi.

Kwenye meza hiyohiyo kulikuwa na jozi mbili za mabuti makubwa yaliyojazwa sponji, mazito, marefu kupita kifundo. Muuzaji akaniambia, “Dada, haya ni ya kupandia Kilimanjaro, nakuachia kwa elfu kumi, yananijazia meza.” Si ya kupandia mlima. Ni mabuti ya kutelezea kwenye theluji kwa ubao mmoja, mchezo uliozaliwa Marekani miaka ya 1960 na kuingia kwenye Olimpiki za Nagano, Japani, mwaka 1998. Jozi moja ilikuwa na kitufe cha kuzungusha kinachovuta waya badala ya kamba. Ufungaji huo ulianza kwenye mabuti ya aina hii mwaka 2001, lakini hicho cha sokoni kilikuwa kimeganda kwa kutu. Jozi ya pili ilikuwa ya kamba. Nilipotia mkono ndani nikakuta buti jingine laini, na kwenye kisigino mkono ukabanwa kama umeshikwa. Nikainunua.

Mwenzangu hakufurahi. Alisema hela ya kikundi si ya kununulia maajabu. Nilimjibu kwamba sitalivaa baharini, nataka kulifumua nione limeshikaje kisigino.

Jumla hadi hapa ni 52,000.

22 Julai: Aina nne majini

Tumeingia wanne na kubadilishana viatu njiani, maana mguu mmoja hausemi yote. Kati yetu kuna mwenye mguu mwembamba, mwenye mguu mpana, mwenye unyayo bapa, na bi mkubwa wa kikundi ambaye mfupa wa kidole gumba umetokeza ubavuni.

Gambuti lilianza vizuri sana. Kwenye mchanga mtu anatembea kwa kujiamini, hakuna cha kumchoma. Tukaingia kwenye tope. Soli yake pana inanyonywa chini: unainua mguu, mguu unakuja, buti linabaki. Kinachotangulia kupanda ni kisigino, halafu mguu wote unafuata. Maji yalipovuka mdomo wa buti hayakutoka tena, na kila hatua ikawa ni kubeba ndoo. Kwenye mkondo ulio kati ya mashamba hiyo ni hatari ya kweli, kwa sababu aliyeanguka na mabuti yaliyojaa haamki haraka. Tulipotoka tukayakata kwa kisu yaishie kwenye kifundo. Maji yakapata pa kutokea, lakini kilichobaki hakishiki mguu mahali popote, na mchanga ulioingia ukasaga ngozi. Gambuti tumeliacha. Msilinunue kwa kazi hii hata mkishawishiwa vipi.

Plastiki haina maneno mengi. Inatoa maji haraka, haioti ukungu, na matundu yake yanapitisha kila kilicho na ncha. Ukingo wake unakata ngozi juu ya vidole.

Raba iliushika mguu kuliko zote, kwa sababu ya kamba. Ila ilichagua wa kumshika: mwenye kisigino kipana alivuka tope bila kusimama, na mwenye kisigino chembamba akaiacha humo na kurudi kuichimbua kwa mikono. Raba moja, tope moja. Halafu soli imeanza kufunuka mbele kwenye vidole, gundi ya kiwandani haiyapendi maji ya chumvi.

Neoprini ndiyo iliyopendwa. Inakumbatia mguu, haina mshono unaokwaruza, na upepo huu wa kusi ukivuma mguu unabaki na joto. Kasoro zake ni tatu. Soli ni nyembamba kiasi kwamba kila jiwe unalihesabu. Ubavuni hakuna kinga yoyote, mwiba mweusi umepita kama kwenye kitambaa. Na ikilowa inalegea, ukisimama kwa vidole kisigino kinaachana na soli.

Jioni tulikaa kulinganisha, na mazungumzo yakarudi palepale. Kiatu kikiwa cha turubai, cha mpira au cha sponji, balaa linaanza kisigino kinapoinuka. Vidole vinasukumwa mbele, kucha zinaumia, nyuma kunatoka malengelenge, na tope linapata mlango wa kuingilia. Kwa hiyo swali si tena kiatu gani ni kizuri. Swali ni namna gani tutakizuia kisigino.

28 Julai: Ndani ya buti la theluji

Nimelifumua buti nyumbani, na hii ndiyo siku iliyobadili mradi.

Buti la nje ni gumu, kazi yake ni kusimamisha mguu. La ndani linatoka lote ukilivuta, na lina kamba zake. Juu ya ngozi ya nje ya hilo la ndani, kila upande wa kifundo, kuna kipande cha sponji ngumu chenye umbo la ndoana. Mkono mrefu wa ndoana unashuka nyuma kando ya kano ya kisigino, na pindo lake linapita chini ya mfupa wa kifundo kuelekea mbele. Jishike mguu hapo utaona kuna mabonde mawili, kulia na kushoto, ambayo kiatu cha kawaida kinayaacha wazi. Sponji inayajaza. Ukikaza kamba, kisigino kinakosa njia ya kupandia.

Wenzetu wa theluji wanalihitaji hili kwa sababu ubao umefungwa kwenye buti, na mtu anaugeuza kwa kuegemea vidole au visigino. Kisigino kikicheza ndani, mguu unakwenda na ubao unachelewa. Sisi hatuna ubao, tuna tope linalovuta chini. Mvuto unatofautiana, ila mahali pa kuuzuia ni palepale.

Kitu cha pili nimekikuta kwenye kibandiko cha ulimi wa buti. Kina namba ya Marekani, ya Uingereza, ya Ulaya, na chini yake 25.0. Hiyo ya mwisho ni urefu wa mguu wenyewe kwa sentimita. Mpango huo unaitwa Mondopoint, nao unapima mguu wa mvaaji. Namba za Ulaya tulizozoea, 38, 39, 40, zinahesabu urefu wa kalibu, lile umbo la mguu linalotengenezewa kiatu, kila namba ikiwa theluthi mbili za sentimita, na za Uingereza zinapanda kwa theluthi moja ya inchi. Kila kiwanda kinaacha nafasi yake kati ya mguu na kalibu. Ndiyo maana viatu vyetu vyote vya 39 havikulingana: nilipima ndani ya raba na ndani ya neoprini, tofauti ikawa karibu sentimita moja.

Namna wanavyojipima wao inafaa kujulikana. Unavaa soksi moja nyembamba, si mbili. Unaingiza mguu, unapiga kisigino chini na nyuma kabla ya kugusa kamba. Unakaza. Ukisimama wima, vidole vinagusa mbele kidogo tu. Ukikunja magoti, vidole vinarudi nyuma na kisigino kinakaa. Mwisho unasimama kwa vidole, na kisigino hakitakiwi kuinuka. Wanajua pia kwamba sponji mpya hulegea baada ya kuvaliwa, hivyo buti linalobana kidogo dukani ndilo litakalokuwa sawa baadaye. Buti lililo raha tangu siku ya kwanza litakuwa kubwa.

Sisi tumebadili jambo moja. Kwenye mawe mguu unasukumwa mbele, kwa hiyo vidole kugusa hakutufai. Tunaacha nusu sentimita. Zaidi ya hapo ni nafasi ya mchanga.

3 Agosti: Kupima miguu

Tumepima miguu ya kikundi kizima, jioni, kwa sababu kutwa mguu huvimba na kipimo cha asubuhi kinadanganya. Karatasi chini, kisigino kimegusa ukuta, mtu amesimama kwa uzito wake wote, unaweka alama mbele ya kidole kirefu. Miguu yote miwili, unachukua ulio mrefu zaidi. Halafu unazungusha uzi kwenye sehemu pana, pale vidole vinapoanzia, unaukata.

Bi mkubwa alipokanyaga karatasi, urefu ukatoka sentimita 24. Nikamwambia, “Mama, wewe ni wa 38.” Akakataa: “Mwanangu, mimi arobaini tangu naolewa.” Uzi ndio uliotupa jibu. Mguu wake si mrefu, ni mpana kwa ule mfupa uliotokeza. Miaka yote amekuwa akinunua urefu ili apate upana, na urefu uliozidi ndio uliokuwa ukimtoa kisigino. Wako wengine wawili wa namna hiyo kwenye kikundi. Nadhani mko nao na nyinyi, wapimeni kabla hamjawaambia wajikaze.

Nimekata ndoana za kwanza kutoka kwenye ndala kuukuu. Sponji ya ndala hainywi maji, na ukiipasua katikati kwa wembe unapata unene wa milimita 6 hivi. Nimezibandika ndani ya raba kwa gundi ya viatu, 3,000.

6 Agosti: Kisigino kimekaa

Mwenye kisigino chembamba amevuka tope na raba mguuni. Alisimama upande wa pili akatupungia mkono, tukashangilia.

Yako ya kurekebisha. Ndoana zimekaa juu mno, zinalalia mfupa wa kifundo badala ya kupita chini yake, na ngozi imekuwa nyekundu. Nilipima zikiwa kwenye raba tupu. Inatakiwa mguu uwe ndani, umekazwa, ndipo uweke alama.

20 Agosti: Gundi

Tulishusha ndoana na kuzibandika upya, safari hii tukisugua turubai kwa msasa na kuifuta kwa petroli. Zimeachia tena kabla bamvua halijaisha. Nimeliangalia lilivyotokea: kwenye ukingo wa kipande panaingia chembe za mchanga, kila ukikunja mguu zinachokonoa gundi, maji ya chumvi yanafuata, na kipande kinaanza kucheza. Kipande kinachocheza ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kinachubua.

Kwenye neoprini ilikuwa mbaya zaidi. Gundi ya kawaida ilikauka ikawa ngumu kama ganda, sponji ikapasuka pembeni yake. Gundi haitufai kwenye kitu kinachokunjwa ndani ya maji ya bahari. Tunahamia kwenye uzi.

27 Agosti: Kwa fundi

Fundi viatu wetu anakaa chini ya mwembe. Nimempelekea raba, ndoana, na buti la ndani la theluji aone mfano. Aliligeuzageuza, akapitisha dole gumba kwenye ndoana, akasema, “Huyu aliyeshona hivi anaujua mguu.” Halafu akakataa kushona mpaka amwone mvaaji.

Akaletwa. Fundi akamvalisha raba, akapiga kisigino chake chini kwa kiganja, akakaza kamba, kisha akawa anabonyeza turubai kwa kidole gumba kuanzia nyuma kwenda mbele, taratibu, mpaka kidole kikazama. Hapo akapiga chaki. Upande wa pili hivyohivyo, na chaki ya ndani ikawa juu kidogo kuliko ya nje, kwa sababu mfupa wa kifundo upande wa ndani uko juu zaidi. Sisi tulikuwa tumekata ndoana zote sawa.

Kingo za sponji amezichonga kwa wembe ziwe nyembamba mpaka ziishie bila ngazi. Ameshona kwa nailoni ya kushonea nyavu, mishono mifupi, na mafundo yote ameyaacha nje ya kiatu. Hilo la mafundo ni lake, nisingeliwaza. Soli nayo ameishona kuzunguka kiatu chote. Kushona ndoana ni 3,000, soli 2,500.

Fedha ya majaribio imekwisha. Kikao kimeongeza 15,000 baada ya bi mkubwa kusema maneno mazito kuhusu kucha zake.

4 Septemba: Soli ya ndani

Kisigino sasa kinakaa na mishono haijaachia hata mmoja. Tumegeukia miiba.

Tulikata soli ya ndani kutoka kwenye dumu la lita 20 lililopasuka, tukaijaribu kwa kuikandamizia juu ya msumari. Haipiti. Tukaiweka juu ya soli ya raba iliyokuwemo, na palepale kiatu kikaharibika: mguu umepanda, kifundo kimekuja juu ya ndoana, kisigino kimeanza tena kucheza. Chochote unachoweka chini ya mguu kinabadili kila kitu juu yake.

Dawa yake ni kutoa soli ya ndani ya zamani, kuweka plastiki ya dumu chini kabisa, na juu yake sponji nyembamba ili mguu usiteleze. Urefu unarudi ulivyokuwa. Na kuanzia sasa soli ya ndani inawekwa kabla mtu hajaenda kwa fundi kupigiwa chaki.

Plastiki ikatwe ndogo kuliko unyayo kwa milimita chache pande zote na pembe zake zisuguliwe jiweni, la sivyo itakata turubai kutokea ndani.

19 Septemba: Kamba, na mwiba wa taa

Kamba za nailoni zinateleza zikilowa. Kamba bapa za pamba zinashika vizuri zaidi. Tundu la mwisho la juu tunalitumia hivi: kamba inarudishwa kwenye tundu la pili la upande uleule ili ibaki pete ndogo, kamba ya upande wa pili inapita kwenye pete, ndipo unavuta. Mvuto unakwenda nyuma kwenye kisigino badala ya kubana juu ya unyayo. Kabla ya kufunga zungusha mara mbili, si moja.

Mwenzetu aliyekuwa bado anatumia plastiki amechomwa na taa pembeni ya unyayo. Naandika tulichofanya ili kila kikundi kiwe na kitu hiki ufukweni: chupa ya chai yenye maji ya moto. Mguu unatumbukizwa kwenye maji ya moto kadiri mtu anavyovumilia bila kuungua, nyuzijoto 45 hivi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, mtu mzima mwingine akiyapima kwanza kwa mkono wake kwa sababu mguu wenye maumivu haujui joto. Moto unapunguza makali ya sumu hiyo. Halafu zahanati, bila kuchelewa, maana kipande cha mwiba huweza kubaki ndani. Anaendelea vizuri. Hata raba yetu isingeuzuia mwiba wa taa uliokuja ubavuni kwa nguvu, na sitaki mtu asome hapa akadhani amekingwa na kila kitu. Kuburuza miguu badala ya kuinyanyua kwenye mchanga bado ndiyo kinga kubwa, taa anashtuka anaondoka. Kisigino kilichoshikwa kinasaidia hapo pia, huwezi kuburuza kiatu kinachochomoka.

18 Oktoba: Gharama na jinsi ya kununua

Raba za mwanzo zimevaliwa kila bamvua tangu zishonwe. Mishono imekaa, sponji ya ndala imebonyea kidogo, na wavaaji wanakaza kamba zaidi kuliko mwanzo kama tulivyotarajia. Pete za chuma kwenye matundu ya kamba zimeota kutu na mbili zimekatika. Sasa tunachagua raba zenye matundu yaliyoshonwa au pete za alumini. Kuosha ni maji baridi, soli ya ndani itolewe, kiatu kianikwe kivulini. Neoprini iliyoanikwa juani na mmoja wetu imekakamaa.

Jozi moja iliyokamilika imetugharimu hivi: raba 7,000, fundi 5,500, kamba za pamba 500. Sponji na plastiki ni za bure. Jumla 13,000, chini ya gambuti kwa 5,000. Kikao kimekubali jozi kwa kila mwanachama.

Sokoni haendi kila mtu. Kila mmoja amekata chelewa, kijiti cha ukuti wa mnazi, ya urefu wa mguu wake na nusu sentimita juu, akaifunga uzi wa upana wake, na jina kwenye kipande cha plasta. Anayekwenda Mtwara anabeba fungu zima la chelewa. Anaingiza chelewa ndani ya raba: ikilala bila kupinda na bila kucheza, urefu ni huo, namba iliyoandikwa kwenye ulimi asiiangalie. Kisha uzi unazungushwa nje ya kiatu sehemu pana. Usipofika, mguu utaingia. Ukifika ukazidi, kirudishwe. Muuzaji mmoja alicheka alipotuona na vijiti, sasa anatutengea raba za shingo ndefu belo likifunguliwa.

Buti la ndani la theluji limebaki kwa fundi, analitumia kama mfano. La nje tumempa kijana aliyetaka soli yake.

Kilichobaki ni miguu mipana. Kwa bi mkubwa fundi amepasua turubai ubavuni, pale penye mfupa, na kushonea kiraka cha neoprini kutoka kwenye ile iliyokakamaa, sehemu ambayo bado ni laini. Amekijaribu nyumbani na kisigino chake kiko mahali pake kwenye 38. Kiraka kinaingia majini bamvua la mwanzo wa Novemba, na kikikaa tutashona vingine viwili.